Mgonjwa Aliyenibeba

Nilianguka vizuri, sijisifu bure. Goti lilitangulia, kiuno kikafuata, na kikapu changu cha mbaazi kikamwagika mbele ya soko zima la Muthetheni. Hata waliokuwa wanampiga Kaloki picha kwa simu wakageuka.

Kaloki, fundi wa kujenga, alikuwa ameketi ukingoni mwa kisima tangu asubuhi, miguu ikining'inia ndani, akiwajibu watu ambao sisi hatukuwaona. Alisema wanamwita huko chini, na ataenda.

"Mmeita watu wa hospitali?" nilikuwa nimemuuliza Peris, mshonaji.

"Susu, usiniingize," alijibu, maana sokoni wote huniita Susu, yaani bibi. "Anayepiga simu ndiye anayeandikisha ripoti. Kesho niulizwe kama ni mimi nilimsukuma?"

"Na Titus na pikipiki yake?"

"Anaogopa. Eti akimbeba atang'atwa shingo."

"Shingo ile? Iko na nyama gani?"

Hakucheka. Kila mtu alimngoja mwenzake aanze, na Kaloki alikuwa anasogea.

Mimi niliishia darasa la nne, sheria za vitabuni sizijui. Lakini nikiwa msichana, aliyesikia nduru akabaki kwake alitozwa mbuzi, na hakuna aliyeuliza kwanza anayelia ni nani. Niliwatazama watu wa soko: sheria hiyo wameisahau. Nikamtazama Kaloki. Huyu alilelewa na Kavindu, na Kavindu hakuwa mama wa mchezo.

Ndipo nikaanguka, nikapiga nduru ya zamani, ile ya kutoka tumboni. "Kaloki! Mwana wa Kavindu! Nakufa!"

Nikaogopa kufumbua macho.

Kisha nikasikia viatu vya gambuti vikikimbia. Akaniinua kama mfuko wa simiti.

"Susu, usilale. Wakikuita, usiitike."

"Nipeleke hospitali, mwanangu. Na usiniache mlangoni."

Sasa aibu ikawashika. Titus akawasha pikipiki bila kuombwa, tukapanda watatu, mimi katikati, mahututi anayejishikilia vizuri. Kwa pembe ya jicho nikamwona Peris akiweka simu sikioni.

Muuguzi alitupokea na kitanda. "Mgonjwa alale hapa."

Nikashuka mikononi mwa Kaloki, nikakung'uta vumbi. "Umesikia," nikamwambia. "Lala."

Alinitazama sana. Nikamshika mkono wa shati, maana mbio zake singeziweza.

"Susu, ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Lala."

Akalala.

Baadaye, barazani, naibu wa chifu aliulizwa kama kuna sheria ya kumshtaki mtu aliyesimama akatazama tu. Akakuna kichwa. Nikainua mkono: "Rudisheni ile ya mbuzi." Watu wakacheka, isipokuwa Peris.

Siku za kwenda kuchukua dawa, Kaloki hunipitia, tunaenda pamoja kwa miguu. Tukifika chini ya kilima huinama kidogo.

"Susu, leo nikubebe?"

Humwambia miguu yangu ni mizima kabisa. Lakini kilima kile ni kikali, na mimi sina tabia ya kukataa mara mbili.