Msimu wa Goli Pana

Jumamosi ya mchezo wa kwanza Faradji alifika uwanjani saa mbili asubuhi na ndoo ya chokaa, kamba na vigingi vyake vinne. Alichora mistari, akang'oa mawe meusi yaliyofukuliwa na mvua ya jana, kisha akapima magoli yote mawili kwa futikamba. Mita saba na sentimita thelathini na mbili, huku na kule. Ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa akitunza uwanja wa chuo kile cha Gisenyi, na kipimo hakikuwa kimemdanganya hata siku moja.

Dakika ya kumi na mbili Cyusa, kipa wa chuo, aliruka kuufuata mpira wa kawaida kabisa, wa kudaka huku unapiga miayo. Mpira ukapita pembeni yake ukaingia. Goli lilikuwa limeongezeka hatua moja. Mtambaapanya nao ulikuwa umerefuka, chuma kizima, bila kiungo, na rangi haikupasuka. Mwamuzi alilitazama goli, akapuliza filimbi, akaonyesha katikati. Kipindi cha pili timu zilibadilishana upande, na upana ule ukahamia upande wa pili kuwafuata wenyeji. Wakafungwa mawili bila.

Faradji alijua mara moja ni kwa sababu gani, na roho yake ikasuuzika.

Binti yake Uwase alikuwa kipa wa timu ya wasichana ya chuo hichohicho, mwaka wa mwisho, amebakiza mitihani miwili. Mwezi wa pili, Rugema, kocha wa wanaume na mwenye ufunguo wa stoo ya mipira, alimwita akachukue glavu mpya, kisha akafunga mlango kwa ndani. Uwase alimpiga kwa pampu ya chuma usoni, akatoka mkono wa jezi umechanika, akaenda moja kwa moja ofisini kushtaki. Kamati ya nidhamu ilikaa siku moja. Rugema ndiye aliyekiletea chuo kombe miaka miwili nyuma. Wachezaji wake kumi na mmoja walitia saini karatasi kwamba kocha ni mtu safi na kwamba hawakuona kitu, ingawa siku ile walikuwa wamekaa palepale nje ya stoo wakifunga kamba za viatu. Uwase akafukuzwa. Barua ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo: amemsingizia mkufunzi. Sasa alikuwa akivusha nyanya mpakani kwenda Goma kila asubuhi, na hata kule wateja walimuuliza kama ndiye yule wa kwenye barua.

Faradji alitaka kitu kimoja tu duniani: barua ile itolewe, na ibandikwe nyingine yenye ukweli.

Mchezo wa pili ulikuwa ugenini, na goli likapanuka huko pia, hatua mbili. Wa tatu, hatua nne. Chuo kilifanya kila kinachofanywa na watu wenye akili zao. Fundi wa kuchomelea alikata milingoti akaweka mipya. Mpimaji ardhi alikuja na mashine yake ya miguu mitatu. Mchungaji aliombea mlingoti wa kushoto na shehe akaombea wa kulia, pasiwe na malalamiko. Siku za kazi goli lilikuwa na kipimo chake halali. Siku ya mchezo, filimbi ikilia tu, linaanza. Shirikisho la vyuo liliandika kwamba hakuna sheria inayolikataza goli kupanuka lenyewe, kwa hiyo matokeo yanabaki. Sita bila. Tisa kwa moja. Kumi na nne bila.

Watu walizoea. Timu nyingine zikawa zinakuja na wachezaji wa akiba ili nao wapate kufunga. Vijana wa pikipiki waliegesha nje ya ua wakabishana Rugema leo atakula ngapi. Faradji alikaa juu ya ndoo yake aliyoipindua, hakosi mchezo, na kila bao lilipoingia alisema polepole, "Kula." Alikuwa mtu wa swala tano na alijua kisasi si cha kujivunia. Lakini bao la kumi na moja lilimshuka kooni kama chai ya tangawizi, na hakuona sababu ya kujidanganya kuhusu hilo.

Wiki ya sita Cyusa, viganja vimemvimba, alimfuata Faradji aliyekuwa akichora mstari.

"Mzee, mi nilisaini juu ya nafasi yangu kwa timu. Kocha alisema mutu asiyesaini hachezi."

"Na sasa unacheza," Faradji alimjibu.

"Nataka kutoa jina yangu."

"Enda utoe."

Cyusa alienda. Ofisini akaambiwa kwamba karatasi ikishapigwa muhuri jina halitoki, na kwamba Jumamosi yuko golini kama kawaida. Akarudi akakaa kwenye majani karibu na mzee, kichwa chini. Faradji hakumpa pole. Alimwambia asogeze mguu kamba ipite.

Rugema naye alikuja. Alikuwa amekulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa laini hata anapoomba.

"Mzee wangu, tusameheane. Mambo yale yamepita."

"Yamepita wapi?" Faradji aliuliza, akaendelea kumwaga chokaa. Rugema akakumbuka ana kikao.

Mwisho akaitwa na mkuu wa chuo mwenyewe, madamu Joanita, mama aliyekulia Kampala, akarudi nyumbani na shahada tatu. Alimkaribisha kiti na chai.

"Mzee Faradji, please. Goli hilo unalijua wewe. Litengeneze, nami nitakupa kazi ya kudumu na nyumba hapahapa chuoni."

"Madamu, mi sikuliharibu, na kulitengeneza sijui. Lakini toa ile barua kwa ubao, uandike ingine. Tuone."

"Faili hiyo imefungwa. Niombe kitu kingine."

"Sina kingine."

Madamu alimweleza kwa upole kwamba kurudi nyuma kungeonekana vibaya, na kwamba kati ya goli na barua, goli linavumilika. Faradji alimshukuru kwa chai, ambayo hakuigusa.

Mchezo wa mwisho, milingoti ilifika kwenye bendera za kona. Cyusa alisimama katikati ya upana ule mikono ikining'inia. Mpira wowote uliovuka mstari, popote, ulikuwa bao. Yaliingia thelathini na nane. Uwase alipita akitoka mpakani, beseni tupu kichwani, akasimama nje ya ua nyuma ya baba yake. Faradji alikuwa na machozi ya furaha.

"Binti yangu, angalia! Unaona?"

Uwase aliangalia.

"Barua wametoa?"

"Bado."

"Bon," alisema, akaliweka sawa beseni lake. "Donc, basi, hawajafungwa."

Jumatatu kamati ilikutana, ikasema aibu imezidi na lazima ichukue hatua kali. Jumanne tangazo likabandikwa chini ya barua ya Uwase. Rugema ameondolewa timu ya wanaume. Kuanzia kesho atafundisha timu ya wasichana, ambayo goli lake halijawahi kuwa na tatizo.

Faradji alisoma mara tatu. Akakaa chini palepale kwenye veranda. Msimu mzima alikuwa akisema "Kula," kumbe kila bao lilikuwa likimsukuma yule mtu hatua moja kuelekea kwa mabinti wa wenzake.

Jumatano alikaa kando ya goli la wasichana tangu mwanzo wa mazoezi, akilikodolea macho, akiliomba lipanuke, lianguke, lifanye lolote. Lilitulia. Uwase siku hiyo hakwenda Goma, alikuja langoni mwa chuo. Mbarushimana, mlinzi wa lango, alimwambia mwanafunzi aliyefukuzwa haruhusiwi kuvuka.

"Sivuki," alisema Uwase, akakaa juu ya jiwe.

Saa kumi na moja wasichana walianza kutoka, na yeye akawahesabu. Timu ilikuwa na ishirini na wawili. Walitoka ishirini na mmoja. Aliyebaki alikuwa Resty, aliyekuwa akiba wake, sasa kipa. Uwase alisimama akaita jina lake kwa ile sauti ya kupangia mabeki, mpaka vijana wa pikipiki wakazima injini. Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Resty akatoka mbio, miguu mitupu, viatu mkononi, akampita. Nyuma yake akatoka Rugema. Aliwasalimia wote vizuri, mmoja mmoja, akaingia kwenye gari lake.

Kesho yake Uwase alikuja mapema zaidi.