Mama Pasi Hatii Sahihi

Waraka ulipofika kwenye mashine ya pasi ulikuwa na sahihi ishirini na mbili, na chumba cha dobi cha hospitali ile kilikuwa na wafanyakazi ishirini na watatu. Aliyebaki alikuwa Mama Pasi.

Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyesimamia lile roli kubwa la moto linalomeza mashuka mabichi upande huu na kuyatema upande wa pili yamenyooka. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono ina makovu ya kuungua hapa na pale, na ulimi wake haukuhitaji kunolewa.

Katibu wa wafanyakazi, ambaye kazi yake hasa ilikuwa mashine za kukaushia, aliuweka waraka mbele yake.

“Dada, hapa chini tu, umalizie.”

Mama Pasi aliusoma wote, hakuruka mstari. Uliitaka serikali iwarudishe wanajeshi wake kutoka nchi ya mbali walikopelekwa mwaka juzi, kusimama kati ya watu waliokuwa wakichinjana. Vita si vyetu, ulisema. Watoto wetu si kuni za moto wa jirani.

“Umeandika vizuri,” alisema, akaurudisha. “Ila mimi sitii.”

Katibu alidhani kelele za mashine zimemchanganya. “Hutii nini?”

“Sahihi.”

Katibu hakuwa mtu wa hasira za karibu. Lakini miezi minne nyuma mdogo wake aliletwa kutoka nchi hiyohiyo ndani ya jeneza, na kitambaa kilicholifunika jeneza lile alikipiga pasi Mama Pasi mwenyewe.

“Ulikuwepo makaburini,” alisema polepole. “Uliniona.”

“Nilikuona.”

“Na bado?”

“Na bado.”

Mkunja mashuka mmoja, waliyemwita Redio kwa sababu hazimwi, alidakia kutoka mezani kwake. “Mkuki kwa nguruwe! Anayetaka vita viendelee ni yule ambaye mlangoni kwake hajapigiwa hodi.”

Mama Pasi alilisha shuka jingine kwenye roli. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, binti, dereva wa lori la maji jeshini. Ijumaa iliyopita orodha ya watakaokwenda ilibandikwa, na jina la binti lilikuwa la saba. Pale kazini hakuna aliyejua.

Kuanzia siku hiyo alikula peke yake. Akikaa kwenye benchi, benchi linahama. Akisalimia, anaitikiwa kwa kope. Naye akaendelea kusalimia kila asubuhi, kwa sauti kubwa kuliko zamani.

Jumapili mchana binti alikuja nyumbani. Hakuvua hata viatu.

“Mama, nimesikia hospitalini kwenu kuna waraka. Umetia sahihi?”

“Hapana.”

“Najua moja haibadilishi kitu. Lakini mimi ningependa iwepo ya mama yangu. Sitaki kwenda, mama. Wale watu siwajui.”

Mama Pasi alimmiminia chai, akaketi. Habari ya utotoni mwake binti aliijua nusunusu: kwamba mama alizaliwa kwingine, kwamba kulikuwa na vita, basi. Siku hiyo alimpa iliyobaki.

Alikuwa na miaka tisa. Katika mji wao askari wa kigeni walikuwa wamepiga kambi shuleni, wakazungusha magunia ya mchanga, na watu mia sita wakahamia uani pao na magodoro yao. Kwa wiki tano hakuna aliyewagusa. Kisha asubuhi moja malori yakapangwa foleni. Huko kwao wale askari, watu walikuwa wamechoka kupokea majeneza. Waliandamana, waliandika nyaraka, wakasikilizwa. Mama yake alikimbia kando ya lori la mwisho, kitinda mimba mgongoni, akiomba wamchukue mtoto tu, yeye wamwache. Askari aliyekaa nyuma alikuwa akilia huku anatazama viatu vyake. Saa mbili malori yalikuwa yametokomea. Kabla ya adhuhuri, waliokuwa wakingoja nje waliruka ukuta.

“Mimi na bibi tulikuwa darini, juu ya chumba cha walimu. Tulishuka siku ya tatu. Uani hapakuwa na mtu wa kutuitikia.”

Binti alikuwa amekishika kikombe bila kunywa.

“Yule askari alikuwa na mama kwao,” Mama Pasi aliendelea. “Alimpokea mlangoni mzima, akashukuru Mungu. Simlaumu. Ila wangu sikumwona tena.”

“Kwa hiyo unanitoa mimi.”

“Sikutoi. Sare uliivaa mwenyewe, mimi nikikusihi ukafundishe chekechea. Na ningeweza kukuficha. Namjua daktari wa kukuandikia mgongo mbovu. Tangu orodha ibandikwe nimefika mlangoni kwake mara mbili. Lakini nikikuficha wewe, nimwambie nani apeleke wake?”

“Maneno hayo ungewaambia wengine. Mimi ni mwanao.”

“Ndiyo maana nakuambia wewe kwanza.”

Binti aliondoka na chai ikapoa. Jumatano alipopanda ndege na wenzake, mama alikuwa ng'ambo ya uzio, akapunga mpaka bega likauma. Hakujua kama alionwa.

Jumamosi wafanyakazi wakaandamana kutoka lango la hospitali. Mama Pasi alikuwa ameomba shuka moja lililochakaa, akaliandika kwa rangi nyeusi WASIONDOKE, akasimama nalo peke yake upande wa pili wa barabara. Wengine walimcheka, wengine walimwita muuaji. Chupa ya maji ilimpiga kifuani. Alijifuta, akalinyanyua shuka juu zaidi.

Katibu alitoka kwenye msafara, akavuka.

“Watakuumiza, dada. Redio anasema umehongwa.”

“Mwambie aliyenihonga mzigo hajaufikisha.”

Katibu hakucheka. “Nimesikia jana kuhusu binti yako. Mbona hukusema?”

“Ungenionea huruma, ukaacha kubishana nami. Nilitaka unijibu.”

“Basi nakujibu. Mdogo wangu amekufa bure.”

“Alikuwa analinda nini?”

“Zahanati.”

“Ilichomwa?”

“Haikuchomwa.”

“Basi hakufa bure.”

“Usimtumie ndugu yangu,” Katibu alisema. “Wewe umepoteza mama, mimi nimepoteza ndugu. Msiba wako haufuti wangu.”

“Haufuti,” alisema Mama Pasi. “Hilo umesema kweli. Na mimi siondoki hapa.”

Katibu akarudi kwa wenzake.

Bunge lilikaa siku mbili. Likaamua nusu ya wanajeshi warudi, nusu wabaki mwaka mmoja. Binti aliangukia kwenye nusu ya kubaki, na kwa wiki sita hakupiga simu.

Simu ilikuja asubuhi ya kazi. Mama Pasi alizima mashine, jambo lisilofanywa.

“Mama, huku si kama ulivyonisimulia. Jana tumepigwa mawe. Wanasema twende kwetu.”

“Wote?”

“Si wote. Wengine wamepanga foleni na madumu tangu alfajiri.”

“Unataka kurudi?”

“Nataka. Kila siku. Lakini lori la maji la upande huu ni langu tu. Na bado nimekukasirikia.”

“Kasirika. Ila kofia ya chuma uivae.”

Simu ilipokatika, Mama Pasi alikaa juu ya bunda la nguo chafu, akalia. Wenzake walikuwa hawajawahi kumwona akilia, hawakujua waangalie wapi. Redio ndiye aliyekuja. Aliwasha mashine, akashika pembe mbili za shuka lililokuwa likingoja upande wa kuingilia.

“Utalia hivi, na bado utasema wasiondoke?”

Mama Pasi aliinuka, akashika pembe mbili zilizobaki. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimeshaulizia mashuka mara mbili.

“Nitalia,” alisema, “na nitasema.”