Mama Kanyimwa Shikamoo

Chiriku alirudi nyumbani saa sita mchana, saa ambayo mtu mwenye kazi harudi. Jina hilo alipewa na mama yake tangu utotoni, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Leo alikuwa kimya. Miezi mitatu alikuwa kwenye majaribio kampuni ya maji, kitengo cha kupokea simu za wateja, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kusaini ajira ya kudumu. Mama alimpigia pasi blauzi kwa mkono wake mwenyewe. Badala ya kalamu, msimamizi akampa bahasha. "Umetusaidia sana, binti. Ila nafasi hakuna tena." Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, huyu, jamani, alisema toka huku anatabasamu!

Mama alikuwa sebuleni anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

Mama akaokota chuya, akaitupa pembeni.

"Mama, shikamoo."

"Ahaa! Sasa ndiyo umeikumbuka shikamoo?" Mama akausukuma ungo pembeni. "Saa nne maji yamekatika, nikapiga simu kazini kwenu. Ukapokea wewe. Nikasema, mwanangu, ni mama yako. Na mdomo huo niliouzaa mwenyewe ukanijibu eti nitaje namba ya mita! Hata salamu! Ajira yenyewe hujasaini, tayari umeota mapembe?"

"Mama, saa nne nilikuwa mbele ya msimamizi, nafukuzwa."

"Unafukuzwa? Acha uongo. Sauti ya mwanangu mimi nisiijue?"

Chiriku akaichukua simu ya mama, akapiga, akaweka spika.

"Karibu huduma kwa wateja. Naomba utaje namba ya mita."

Ilikuwa sauti yake. Siyo inayofanana na yake, ni yake! Hata pua ilikuwa imeziba kidogo, kama ilivyoziba wiki ya pili alipokuwa na mafua, akaomba apumzike wakamkatalia.

Hapo ndipo alipokikumbuka kile chumba kidogo chenye sponji ukutani. Kila siku baada ya zamu walimkalisha mbele ya maikrofoni asome sentensi. Tarakimu. Majina ya mitaa. "Samahani" kwa namna kumi na mbili: ya upole, ya haraka, ya kumtuliza mwenye hasira. Wakaita mazoezi ya matamshi. Naye, masikini ya Mungu, akajifunga kibwebwe, akamaliza karatasi zote kabla ya wenzake, mpaka akapigiwa makofi. Kumbe alikuwa anamfundisha kazi atakayemtoa kwenye kiti, na wala si mtu, ni mashine.

"Mimi ndiye mwenye sauti hiyo," akaiambia simu. "Unanisikia? Ni yangu!"

"Samahani, sijakuelewa. Naomba utaje namba ya mita."

Ile ya upole. Hiyo aliisoma mara arobaini.

Mama alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu! Wamekuchukua hivihivi, ungali hai?" Akainyooshea simu kidole. "Na shikamoo je? Kwa nini hainiamkii?"

"Hawakunisomesha shikamoo, mama. Haikuwemo kwenye karatasi."

Mama aliitazama simu, akamtazama binti, akatazama vyombo vichafu vilivyojaa beseni. Kisha akainama, akaitaja namba ya mita, tarakimu moja moja, kwa aibu.

"Asante. Fundi atafika hivi punde."

Na fundi akafika kweli. Nusu saa haikuisha, bomba likakohoa jikoni na maji yakaanza kumwagika. Hakuna aliyeinuka kwenda kukinga. Chiriku alikuwa amekaa chini kando ya ungo, magoti kifuani, hata kulia ameshindwa.

Jirani akachungulia dirishani, ndoo mkononi, meno yote nje. "Mama Chiriku! Na mimi nilipiga simu, akanipokea binti yako. Mtoto ana adabu huyo, hachoki kuomba samahani! Kazi ile ni yake mpaka azeeke!"

Kutoka pale dirishani Chiriku hakuonekana. Mama alimtazama pale chini alipo, macho yamemjaa machozi.

"Asante, jirani," akasema. "Nitamwambia akirudi."