Jina la Sikudhani Ubaoni

Sikudhani alikuwa mke wa Alfani, dereva wa lori la safari za Kisenge. Mwaka 1975 alijiandikisha darasa la Kifaransa la akina mama pale Kolwezi, mji wa migodi, kwa sababu moja tu: muuguzi wa macho alikuwa amemfukuza kwenye dirisha la zahanati, akisema hana muda na mtu asiyejua hata kuiita miwani lunettes.

Mwalimu Mbuyi hakumpenda tangu siku ya kwanza. Wake za wafanyakazi wa mgodi walikaa mbele. Yeye alipelekwa nyuma kabisa. Mbuyi aliinua kitu mkononi, darasa likakitaja. Sikudhani aliona ukungu tu.

"Citoyenne Sikudhani, hii ni nini?"

"Une clé."

Kilikuwa kitana, si ufunguo. Mama Simone, wa mstari wa mbele, alicheka hadi akajipiga paja.

"Tata mwalimu, sione muzuri. Uniache nikuye mbele," Sikudhani akaomba.

"Macho yako iko muzima. Kichwa ndiyo imekufa."

Ikawa hivyo wiki tatu. Alhamisi moja Sikudhani akainuka bila ruhusa, akaenda hadi mezani, akavishika vitu kimoja kimoja: kitana, ufunguo, mwavuli, kifuko cha miwani. "Un peigne. Une clé. Un parapluie. Un étui." Hakukosea hata kimoja. Mbuyi alikuwa ameivua miwani yake afute jasho. Sikudhani akaichukua. "Des lunettes," akasema, akaivaa.

Ukuta ulimjia karibu. Aliona misumari, aliona ubao, na kwenye kona ya ubao aliona jina lake, limezungushiwa mstari wa chaki: Sikudhani, bête.

"Bête, mu Kiswahili ni nini?"

Sikudhani akawageukia waliokaa mbele.

"Mama Simone, wewe unajua."

"Nyama ya pori, ao mujinga," Simone akasema, akiangalia daftari lake.

Sikudhani akalifuta jina kwa kiganja.

"Leta lunettes yangu!" Mbuyi alipiga meza, kisha akanyoosha mkono upande usiokuwa na mtu.

"Sema na s'il vous plaît."

Alikataa kusema tafadhali. Sikudhani akangoja. Mwishowe Mbuyi akasema kwa hasira: "Mes lunettes, s'il vous plaît."

Sikudhani akamwekea miwani mezani, akatoka. Nyuma yake Mbuyi alikuwa akipiga kelele kwamba asirudi tena. Hakurudi.

Mwezi uliofuata alipanda lori la mumewe hadi Lubumbashi. Daktari wa macho alipouliza shida ni nini, Alfani alifungua mdomo amsemee.

"Je vois mal de loin," Sikudhani akajibu mwenyewe, kwamba mbali haoni vizuri.

Daktari akavuta kalamu, akaanza kuandika.