Kitambaa cha Mtu

Kuna wema usiobisha hodi, na huo ndio unaovunja milango. Kiroboto hakulijua hilo asubuhi ile alipojipanga na mamia ya wenzake kwenye mstari wa kuanzia marathoni, kifuani amevaa uso wa dada yake.

Jina la Kiroboto alipewa utotoni kwa sababu hatulii. Hata kwenye cherehani, goti lake moja lilikuwa likichezacheza tu, na dada yake mkubwa, aliyemlea na kumfundisha kazi, hakuchoka kumwambia, "We mtoto, ukitulia utakufa?" Mtoto mwenyewe ana miaka thelathini na moja. Walishonea kwenye chumba kimoja kando ya barabara, cherehani mbili zikitazamana, meza ya kukatia katikati. Kiroboto alishona sare za shule na kupunguza suruali. Dada alishona magauni ya maharusi, na mama mwenye binti wa kuoza alikuwa radhi kungoja miezi ilimradi apate mkono wake.

Chumbani mle Dada alikuwa na sheria moja. Kabla mkasi haujagusa kitambaa cha mteja, muulize mwenyewe kwa mara ya mwisho: nikate? Hata kama vipimo vimeandikwa. Hata kama mteja amekaa hapo hapo anakukodolea macho. "Mshono unafumulika," alikuwa akisema. "Kilichokatwa kimekatwa."

Mwaka juzi Dada alitolewa titi la kushoto kwa ajili ya saratani. Wateja waliambiwa amesafiri. Aliporudi alijishonea mwenyewe sidiria yenye pedi, akaipima mbele ya kioo, akaifumua, akaishona tena mpaka pande zote mbili zikalingana. Kipara kilicholetwa na dawa alikifunika kwa kitambaa cha rangi ya kuchekesha, watu wakadhani ni fasheni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata alikuwa Kiroboto peke yake.

"Mtu amekuja kupimwa gauni la furaha yake," Dada alimwambia. "Sitaki anitazame kwa huruma. Huruma haishoni."

Wakati wa mionzi, chama kimoja cha kuwasaidia wagonjwa wa saratani kilimpa Dada kitanda karibu na hospitali, wiki sita nzima, bila kumtoza kitu. Kwa hiyo chama kilipotangaza marathoni ya kuchangisha fedha za kuongeza vitanda, Kiroboto alijiandikisha siku hiyo hiyo. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, kakimbie. Miguu hiyo ipate kazi ya maana."

Lakini kila mkimbiaji alitakiwa atafute wachangiaji wake, na wa Kiroboto walikuja kwa kusuasua. Afisa wa chama, mwanamke mwenye haraka, akampa siri ya kazi: "Watu hawachangii ugonjwa, mdogo wangu. Wanachangia sura."

Sura ilikuwepo kwenye simu ya Kiroboto. Dada yuko kitandani wodini, kipara kinang'aa, gauni la hospitali limelala bapa upande mmoja, naye anacheka kwa sababu Kiroboto alikuwa amemwiga daktari. Afisa aliitazama, machozi yakamlengalenga.

"Mwenyewe ameridhia?"

"Si dada yangu huyo?" akasema Kiroboto, kana kwamba hilo ni jibu.

Tusimsingizie ujinga. Alijua fika kwamba akiuliza atakataliwa. Akajiambia Dada atafurahi akiona matunda, na mwenye kutaka kujidanganya hakosi sababu. Picha ikaenda kwa mpiga chapa, ikarudi kwenye fulana na kwenye bango. Michango ikamiminika.

Basi akakimbia. Kilomita ya thelathini na tano kucha za miguu zilikuwa zinawaka moto, akawa analia na kujiambia, kwa ajili yako, Dada, kwa ajili yako. Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo linalouma.

Mwisho wa mbio Dada alikuwa akimsubiri, kama walivyoahidiana. Alikuwa amevaa gauni lake la njano, mabega yamenyooka, amesimama chini ya uso wake mwenyewe uliokuwa mkubwa kama mlango. Alikuwa amefika mapema, kwa hiyo alikuwa amelitazama bango lile saa mbili nzima. Pembeni yake alisimama mteja, mama wa bibi harusi mmoja, amemshika mkono, na macho ya mama yule yalikuwa yakishuka kifuani kwa Dada, yakipanda, yakishuka tena. Mshereheshaji akamwita Dada jukwaani. Akapanda, akapokea maua, akapunga mkono. Hakumwangusha mdogo wake mbele za watu.

Nyumbani alivua viatu kwanza. "Nimevalisha nusu ya mji huu," alisema. "Wewe umenivua mbele yao."

"Dada, mimi nilitaka tu—"

"Najua ulichotaka."

Vitanda kumi na viwili vilinunuliwa, na kuna wagonjwa wamelala juu yake hivi sasa. Hakuna wa kukanusha. Wateja nao wakaja mmoja mmoja, kwa sauti za chini kama wako msibani. "Tumeona tukupumzishe, dada yetu." Wakaondoka na vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Dada aliwakunjia vizuri, akawashukuru.

Wiki ya nne alikuja na mbeba mizigo. Alikuwa amepata chumba upande wa pili wa mji, ambako hajulikani. Kiroboto alikuwa kwenye kiti chake, goti linacheza. Alikuwa amejiandaa kuomba msamaha kwa mara ya kumi, lakini Dada aliiondoa ile fulana ya mbio iliyotundikwa msumarini, akaitandaza mezani, akailainisha kwa kiganja, akazungushia chaki pande zote za uso. Kisha akashika mkasi na kuinua macho.

"Fulana ya nani hii?"

"Yangu."

"Nikate?"

"Kata, Dada."

Dada akakata, polepole, kama anayekata hariri. Akaukunja uso wake, akautia mkobani.

"Neno moja tu," alisema. "Umekimbia kilomita arobaini na mbili, mdogo wangu, ukashindwa kuvuka meza hii kuja kuniuliza neno moja."

Mbeba mizigo akaibeba cherehani, Dada akamfuata, akaurudisha mlango taratibu. Sakafuni zilibaki alama nne za miguu ya cherehani. Kiroboto alikaa akizitazama, na goti lake lilikuwa limetulia tuli.