Namba Iliyompendeza Baba

Bosi halikuwa jina lake. Baba yake ndiye aliyembandika jina hilo tangu ana miaka minne, kwa jinsi mtoto alivyokuwa akiwatumatuma watu wa nyumba nzima: lete kile, keti hapa, usicheke. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na vidole vyake havikuweza kufunga vifungo vya shati la shule. Kila asubuhi aliamka kabla ya baba, akaichovya mikono kwenye beseni la maji ya moto na kungoja ikubali kukunjika. Akisikia nyayo, alisukuma beseni chini ya kitanda na kujifanya amelala fofofo.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akimwonea baba huruma.

Miezi mitatu nyuma, daktari wa viungo alimwandikia dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa matone ya vitamini D, maana vipimo vilionyesha iko chini mno. Ya pili ilikuwa vidonge vya njano vya kumeza kila Jumamosi, vya kutuliza mwili ambao, kwa maneno yake, ulikuwa unajiwashia moto wenyewe. Baba alipokea zote kwa heshima. Walipofika nyumbani akaifungua ile karatasi iliyomo ndani ya boksi la vidonge na kuisoma kwa lenzi anayotumia kazini, kwani alikuwa fundi friji. Alipofika kwenye neno ini, akaikunja. Mama yake Bosi alimeza vidonge miaka miwili, boksi baada ya boksi, na mwishowe waliambiwa ini limechoka.

"Hivi hatuvianzi," alisema. "Nimesoma kwenye simu. Watoto wengi wenye uvimbe wa viungo kama wako, vitamini zao ziko chini. Tukiipandisha, uvimbe unakosa pa kukaa. Friji isipogandisha hukimbilii kubadilisha kompresa, unaangalia gesi kwanza."

Tangu siku ile akawa mtu mpya. Alihesabu matone jicho moja limefumbwa, akahamishia kiti cha Bosi uani kwenye jua, akaanza tena kupiga mluzi, kitu ambacho Bosi hakuwa amekisikia tangu msiba wa mama. Jioni akimuuliza, "Unajisikiaje?" Bosi alijibu, "Afadhali." Mara ya kwanza ilikuwa kweli kidogo. Mara ya pili haikuwa. Kufikia mara ya ishirini hakujua tena atatokaje kwenye uongo huo.

Siku ya kurudi kliniki, daktari aligeuza kioo cha kompyuta. "Vitamini imepanda vizuri sana."

Baba akajipiga paja. "Si nilikwambia, Bosi!"

"Lakini kipimo cha uvimbe kimepanda pia. Karibu mara mbili." Daktari aliyabonyeza magoti ya Bosi, naye akauma mdomo. "Vile vidonge vya njano, unameza?"

Baba alitazama feni ya darini kana kwamba ameitwa kuitengeneza. Bosi aliona kwamba neno moja tu lingemfanya baba awe mtu aliyemuumiza mwanawe, mbele ya mgeni.

"Nameza."

"Hujaruka hata mara moja?"

"Hata moja."

Daktari alishusha pumzi. "Basi havijakufaa. Itabidi tupande ngazi. Kuna sindano, ni dawa kali zaidi. Tuanze leo leo."

Wakakaa kwenye benchi nje ya chumba cha sindano. 

"Kwa nini umesema vile?"

"Ulitaka niseme nini?"

Baba akanong'ona, "Tuondoke. Tutafikiri nyumbani."

Nyumbani kulikuwa na beseni. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na sindano isiyomhusu. Bosi aliendelea kukaa, hawezi huku wala kule, mpaka nesi alipomwita. Baba hakuinuka. Bosi akaingia peke yake.

"Kunja mkono wa shati, mwanangu."

Kulikuwa na kifungo. Alijaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa meno. Nesi alingoja, bomba la sindano mkononi.

"Nikusaidie?"

"Sijawahi kumeza hata kimoja," Bosi alisema, macho kwenye kifungo.

Sauti ikatoka mlangoni. "Mimi ndiye niliyemzuia. Mtoto hana kosa."

Nesi aliweka bomba chini, akawarudisha kwa daktari na kumweleza. Daktari alifoka. Ilimchukua muda kupoa.

"Vitamini endeleeni nayo kwa kipimo nilichoandika. Mifupa yake inaihitaji. Lakini kuwa chini si ushahidi kwamba ndiyo iliyowasha moto. Wakati mwingine uvimbe wenyewe ndio unaoishusha. Na ini lake tungelipima mara kwa mara. Ungeniuliza, baba."

"Kwa mama yake niliuliza."

"Wakakujibu nini?"

"Hawakunijibu."

Daktari alivua miwani, akavuta kiti karibu, akaanza kueleza upya, polepole.

Vidonge vilianza Jumamosi ile, badala ya sindano. Vilimtapisha, na baba akakaa sakafuni nje ya choo kila mara mpaka amalize. Mluzi ulikatika. Bosi alidhani kusema kweli kungemfungulia mlango, kumbe sasa alikuwa anaishi na baba anayemwogopa, anayemletea maji bila kumtazama usoni. Katika mwezi wa tatu magoti yalinywea, akapanda ngazi za shule bila kushika ukuta. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilibaki kimepinda. Daktari alisema huenda kisinyooke tena.

Baba alikitazama kidole hicho kila wakati wa kula, akidhani haonekani. Jioni moja Bosi alichoka, akaulaza mkono juu ya meza.

"Kitazame vizuri basi, tumalize."

Baba alikishika kwa vidole viwili. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshakusamehe. Pakua, chakula kinapoa."

Akapakua, sahani ya Bosi ikajaa hadi ukingoni. Wakala. Kesho yake Bosi alimkamata anakitazama tena, akaingiza mkono chini ya meza na kuendelea kula kwa kushoto.