Kibao cha Kadhi Twalha

Ng'ambo ya meza yangu ya mananasi, kwenye barabara ya kwenda Msata, kuna kibao kipya cha chuma. Magari yanapunguza mwendo, watu wanashuka kupiga picha, kisha wanavuka kuja kununua nanasi. Kwa hiyo siwezi kusema kibao kimenidhuru kila upande. Biashara imechangamka.

Kinamsifu Kadhi Twalha bin Khamis, aliyekaa pale zamani akaamua, mbele ya wakubwa wote wa mji, kwamba mwanamke aitwaye Ashatu hauzwi tena. Ashatu ndiye aliyemzaa bibi yangu. Hilo kibaoni hulikuti.

Kwetu ilikuwapo karatasi. Kadhi aliiandika kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, na mwisho akatia jina lake. Ilikaa kwenye sanduku la wanawake wa ukoo wetu, nayo ilitolewa siku za posa tu. Msichana posa yake ikikubaliwa, mama yake au bibi yake humwita chumbani akamsomea. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini chuo cha Kurani nilihitimu, niliisoma bila kukwama: "Nimehukumu kwamba Ashatu ni huru, yeye na tumbo lake, na hakuna mwenye haki juu yao." Tumbo lile ndiye bibi yangu. Mama aliponisomea aliniambia, "Siku mume akikwambia huna kwenu, usimjibu. Kumbuka karatasi." Nimeikumbuka mara nyingi.

Mjukuu wangu Jasmin aliposwa na Najim, na Najim ni wa ukoo wa kadhi huyohuyo. Nilifurahi mno. Wiki ile karatasi ikiwa nje, akaja kijana wa idara ya mambo ya kale, Amedeus, akiulizia habari za kadhi kwa ajili ya kibao. Kupiga picha nilimkatalia, ila nilimsomea, naye akaandika. Nilidhani ninamwongezea kadhi heshima.

Amedeus akapeleka maneno yake kwa wajukuu wa kadhi wayapitishe. Kesho yake Bi Ashura, bibi yake Najim, akapiga hodi kwangu. Nilikuwa uani, kahawa iko jikoni juu ya mkaa.

"Bi Mize, huyu Ashatu ni wa kwenu?"

"Ndiye aliyemzaa bibi yangu."

"Na msituambie!"

"Nilijua mnajua. Babu yenu ndiye aliyemwandikia. Kwenye kila maulidi mnamtaja kwa hilo."

"Tunamtaja yeye, dada. Hao aliowaacha huru hatukuwahi kuwaita nyumbani." Kikombe nilichompa alikiweka chini bila kukionja. "Watu watasema mjukuu wa kadhi kaoa kizazi cha..."

"Malizia, Bi Ashura."

"Usinitafutie maneno. Najim kampenda mtoto wako, nami sitaki kumvunja moyo. Karatasi hiyo iondoke. Na wewe mwambie yule kijana ulikosea, Ashatu hakuzaa. Harusi iko palepale. Ukikataa, posa yetu tunaiondoa leo."

Nilitaka kumwonyesha mlango. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini Jasmin alikuwa nyuma ya pazia, akatoka na karatasi mkononi.

"Bibi, mpe."

"Unajua unachokitoa?"

"Najua. Kwani itanisaidia nini kukaa nayo humu ndani, mimi na wewe, tunasomeana?"

"Mama zako wote..."

"Wewe umeshaolewa, bibi. Umeshazaa. Niache na mimi."

Sikumzuia. Maisha yangu yote watu wamenisifu kwa subira, na siku ile nilijua subira yangu ina sura gani. Bi Ashura akaipokea, akaiondoa kahawa yangu jikoni, akaiweka karatasi juu ya makaa. Haikuchukua muda, ilikuwa kavu. Jina la babu yake lilikuwa chini kabisa, liliungua la mwisho. Hakulitazama.

Siku ya kukifungua kibao, ukoo wa kadhi walikaa mbele, chini ya turubai. Mimi nilikuwa nyuma na wapishi, nakaanga vitunguu vya pilau. Amedeus alinifuata huko.

"Shikamoo, bibi. Ile karatasi, ingawa umesema ulikosea na Ashatu si wenu, tunaiomba tuiweke kwenye kabati la kioo. Wajukuu wa kadhi wanasema hawana hata mstari mmoja wa mkono wake."

"Marahaba. Walikuwa nao," nikamwambia. "Waulize walipoutia."

Akacheka, akadhani nafanya utani.

Juzi Jasmin alishuka hapa na Bi Ashura na wageni wao kutoka Unguja. Yeye ndiye msomi wao, wakamwambia awasomee kibao. Mimba yake ni ya miezi saba sasa. Akasimama na mkono kiunoni, akasoma kwa sauti nzuri, mpaka nikamsikia huku ng'ambo: "Ashatu alifariki akiwa huru. Hakuacha kizazi."

Wageni wakasema masikini. Kisha wakavuka kuja kwenye meza yangu, naye akanisalimia kama wanavyosalimiwa wauza mananasi. Nikachagua lililoiva, nikamenya, nikampa kipande cha kwanza yeye. Alikula amesimama, kibao amekipa mgongo, na maji ya nanasi yakamchuruzika juu ya tumbo. Nikampa kitambaa ajifute.